Nafasi Tupu Mwanzoni mwa Mstari

Somo la historia kwa wanafunzi watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Wekeni kalamu na daftari tayari, maana leo tutaandika kidogo na kufikiri sana.

Mmekwisha kujifunza alama nyingi za kuandika. Mwajua nukta, ambayo humwambia msomaji, "Simama hapa." Mwajua mkato, ambao humwambia, "Pumua kidogo." Leo tutazungumza juu ya alama isiyo na umbo wala wino, nayo ni nafasi tupu iachwayo mwanzoni mwa mstari. Chukueni barua yoyote iliyoandikwa vizuri kwa mkono, mkaitazame. Kila aya inapoanza, mwandishi amesogeza mstari wa kwanza ndani kidogo, mbali na ukingo wa kushoto. Hakuandika neno lolote pale, lakini jicho lenu limekwisha kuelewa kwamba jambo jipya linaanza.

Katika barua, nafasi hiyo ni adabu ya kuandika tu. Mtu akiisahau, barua bado yasomeka. Lakini iko lugha moja ya kuiandikia kompyuta maagizo, jina lake Python, na ndani ya lugha hiyo nafasi hiyo ni sheria. Mstari mmoja ukiwekwa mahali pasipo pake, maana ya maagizo yote hugeuka. Somo letu ni historia ya sheria hiyo: ni nani waliona kwamba yafaa nafasi tupu ipewe mamlaka, kwa sababu gani, na ni hatari gani ilitokea mahali ambapo jicho la mtu na kompyuta zilisoma ukurasa mmoja kwa njia mbili.

1. Neno moja, wenzi wawili

Andikeni maneno haya katika daftari zenu. Ni mfano tu wa kujifunzia, wala si maagizo ya hospitali yoyote.

Ikiwa mgonjwa ana homa, ikiwa kipimo kimeonyesha malaria, mpe dawa ya malaria, la sivyo mwambie aende nyumbani.

Yasomeni tena polepole. Sasa nawauliza: ni nani anayeambiwa aende nyumbani?

Msomaji wa kwanza atasema hivi: "Maneno 'la sivyo' yanajibu 'ikiwa' ya pili, ile ya kipimo. Basi mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo hakikuonyesha malaria ndiye aendaye nyumbani." Msomaji wa pili atasema: "Sivyo! Maneno hayo yanajibu 'ikiwa' ya kwanza, ile ya homa. Asiye na homa ndiye aendaye nyumbani. Mwenye homa ambaye hana malaria hakuambiwa aondoke. Na abaki, atazamwe zaidi."

Wasomaji hawa wawili hawakukosana juu ya neno lolote. Wanayajua maneno yote, na kila mmoja amesoma vizuri. Walilokosana ni jambo moja: "la sivyo" ni mwenzi wa "ikiwa" ipi? Na tazameni jinsi jambo hilo lilivyo zito. Mtu mwenye homa kali isiyo malaria, kwa msomaji wa kwanza anarudishwa nyumbani, na kwa msomaji wa pili anabaki chini ya uangalizi.

Katikati yetu sisi wanadamu tatizo hili si kubwa sana. Mkunga akiwa na shaka atamwuliza daktari. Tena daktari akisema kwa mdomo, sauti yake hupanda na kushuka, na mkono wake huonyesha. Kompyuta haina njia hiyo. Haiulizi, "Bwana, ulikusudia nini?" Hufuata kanuni iliyowekewa, usiku na mchana, hata kama kanuni hiyo inakwenda kinyume cha nia ya mwandishi.

Wataalamu wa kompyuta waliligundua tatizo hili mapema, wakalipa jina. Waliliita "la sivyo inayoning'inia", maana neno hilo linaning'inia hewani kati ya wenzi wawili, halijui lishuke kwa yupi.

2. Kadi za matundu na maneno ya kufungia

Katika miaka ya 1950 maagizo mengi ya kompyuta yaliandikwa kwa kutoboa matundu katika kadi. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa lugha iitwayo FORTRAN, iliyokusudiwa kwa hesabu za sayansi na uhandisi. Kadi yake ilikuwa na safu 80. Safu 5 za kwanza zilikuwa za namba ya agizo, safu ya 6 ilionyesha kwamba mstari uliotangulia unaendelea, na agizo lenyewe lilikaa kati ya safu ya 7 na ya 72. Hivyo tangu zamani zile mahali pa herufi katika mstari palikuwa na maana. Lakini maana hiyo ilitokana na umbo la kadi. Haikuonyesha agizo lipi liko chini ya lipi.

Januari 1960 wataalamu 13 kutoka Ulaya na Marekani walikutana Paris. Walitaka lugha safi ambayo wanasayansi wa nchi mbalimbali wangeweza kuitumia kuandika njia za hesabu na kusomana. Lugha hiyo iliitwa ALGOL 60, na taarifa yake ilihaririwa na Peter Naur wa Denmark. Humo mlikuwa na maneno ya "ikiwa" na "la sivyo", na kwa hiyo ile "la sivyo inayoning'inia" ilikuwa inabisha hodi mlangoni.

Wataalamu hao walijaribu kuizuia kwa namna mbili. Kwanza, waliweka maneno mawili ya kufungia: moja lenye maana ya "anza", na jingine lenye maana ya "mwisho". Kila kilicho kati ya maneno hayo ni kitu kimoja, kama vile mzigo uliofungwa kwa kamba. Pili, waliamuru kwamba agizo la "ikiwa" lisiwekwe moja kwa moja mara tu baada ya sharti la "ikiwa" nyingine. Atakaye kufanya hivyo sharti alifunge kwanza kwa "anza" na "mwisho". Hata hivyo hawakuziba nyufa zote. Mwaka 1966 mtaalamu Paul W. Abrahams bado alikuwa akiandika makala juu ya "la sivyo" hiyo na namna ya kuipatia dawa.

Lakini liko jambo jingine katika ALGOL 60 ambalo nataka mlishike sana. Nafasi tupu na kugeuka kwa mstari havikuwa na maana yoyote kwa kompyuta. Mtu angeweza kuyaandika maagizo yote katika mstari mmoja mrefu, nayo kompyuta ingeona ni sawasawa. Wanadamu ndio walioshindwa kusoma ukurasa wa namna hiyo. Kwa hiyo waandishi walizoea kusogeza mistari ndani, ili jicho lione upesi lipi liko chini ya lipi.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Ukurasa mmoja sasa ulikuwa na wasomaji wawili. Kompyuta ilisoma maneno ya kufungia na haikutazama nafasi. Mtu alitazama nafasi, na maneno ya kufungia aliyapitia kwa haraka. Maadamu alama hizo mbili zilipatana, mambo yalikwenda salama. Zilipotofautiana, mtu alidhani ameagiza jambo moja, kumbe ameagiza jingine.

Mtego huo ulirithiwa na lugha nyingi zilizofuata. Mojawapo ni lugha iitwayo C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika C maneno ya "anza" na "mwisho" yalibadilishwa kuwa mabano yaliyopinda. Kanuni yake juu ya "la sivyo" ni fupi: huenda kwa "ikiwa" iliyo karibu zaidi ambayo bado haina mwenzi. Tena C humruhusu mwandishi kuyaacha mabano ikiwa agizo lililo chini ya "ikiwa" ni moja tu. Ruhusa hii yaonekana ndogo, lakini mtaona baadaye ilileta nini.

3. Kanuni ya kuotea

Mwaka huo huo wa 1966 Mwingereza mmoja, Peter Landin, alichapisha makala yenye fikira ya namna nyingine. Aliona hivi: ikiwa watu wamekwisha kuzoea kusoma nafasi, kwa nini kompyuta nayo isifundishwe kuisoma nafasi hiyo hiyo?

Alieleza kanuni ambayo kwa ufupi husema: pale linapoanza neno la kwanza la fungu, hapo ndipo mpaka wake wa kushoto. Maneno yote ya fungu hilo yakae chini ya hapo au kulia kwake. Neno likitokea kushoto kwa mpaka, fungu limekwisha. Landin aliipa kanuni hiyo jina kutoka katika mpira wa miguu. Aliiita kanuni ya "kuotea". Ninyi mnaopenda mpira mtaielewa mara moja. Mchezaji aweza kuwa na mbio, aweza kuwa na shabaha, lakini akisimama mahali pasipofaa mwamuzi hupuliza filimbi. Kosa lake ni pale aliposimama. Hali kadhalika neno laweza kuandikwa bila kosa la herufi hata moja, lakini likisimama mahali pasipo pake, limeotea.

Lugha aliyoieleza Landin katika makala yale ilibaki zaidi kuwa fikira juu ya karatasi. Lakini fikira nzuri ni kama mbegu, hukaa ardhini ikingoja mvua.

4. Swali la mtu asiye mtaalamu

Mvua ilinyesha Uholanzi. Katika miaka ya 1970, katika taasisi ya hisabati ya mjini Amsterdam iitwayo Mathematisch Centrum, wataalamu Leo Geurts na Lambert Meertens walianza kutengeneza lugha kwa ajili ya watu wasio wataalamu wa kompyuta. Kwanza waliiita B, na baadaye ikajulikana kwa jina la ABC. Katika lugha hiyo mafungu ya maagizo yalionyeshwa kwa kusogeza mistari ndani. Maneno ya "anza" na "mwisho" hayakuhitajiwa tena.

Yako masimulizi ya Meertens mwenyewe ambayo yafaa kila mwanafunzi mtu mzima ayajue. Mwaka 1978 wataalamu kadhaa walikutana Jabłonna, nchini Poland, wakishindana kwa hoja juu ya namna bora ya kuandika lugha hiyo. Walikuwa wameandika mfano mmoja kwa namna mbalimbali, nao hawakuafikiana. Mmoja wao, Robert Dewar, alikuja na mkewe, ambaye hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Wakamwita atoe maoni yake. Walipokwisha kumweleza mfano wa kwanza, bibi yule aliuliza kwa mshangao: je, mnataka kusema kwamba mstari huu unaoamuru kurudia unahusu mistari inayofuata, wala si mstari wenyewe peke yake?

Wale mabwana wakatazamana. Kwao jambo hilo lilikuwa wazi kama jua, maana walikuwa wamelizoea. Kumbe kwa msomaji mgeni halikuwa wazi hata kidogo. Ndipo walipotambua kwamba nukta mbili, zikiwekwa mwishoni mwa mstari ule, zingeondoa shaka. Ninyi mwajua kazi ya nukta mbili katika Kiswahili. Humwambia msomaji, "Ngoja, maelezo yanakuja." Basi nukta mbili zikaingia katika lugha ile, na kutoka humo zikapita hadi Python. Kusogea ndani huonyesha ni mistari ipi iliyo chini ya agizo, na nukta mbili humwandaa msomaji kuitazamia mistari hiyo.

Ndugu wanafunzi, msione haya kuuliza swali mnaloliona dogo. Wataalamu wale walikuwa na elimu kubwa, lakini mtu asiye mtaalamu ndiye aliyeona tundu, kwa sababu alisoma kilichoandikwa. Wao walisoma walichokwisha kukijua.

Katika miaka ya 1980 kijana Mholanzi, Guido van Rossum, alifanya kazi katika kundi la ABC. Lugha ile haikuenea sana, lakini yeye aliyaweka moyoni aliyoyaona ndani yake. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1989 alianza kutengeneza lugha yake mwenyewe, na Februari 1991 aliitoa kwa watu wote. Aliiita Python, kwa kupenda kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python. Leo lugha hiyo hutumiwa duniani kote, na wengi hujifunza kuandika programu kwa mara ya kwanza kwa lugha hiyo.

5. Jinsi kompyuta inavyohesabu nafasi

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu, tuyaandike maagizo yake kwa mtindo wa Python. Andikeni, nanyi muwe waangalifu kuhesabu nafasi mwanzoni mwa kila mstari.

Ikiwa ana homa:
    Ikiwa kipimo kimeonyesha malaria:
        Mpe dawa ya malaria
    La sivyo:
        Mwambie aende nyumbani

Mstari wa kwanza hauna nafasi yoyote mbele yake. Wa pili una nafasi 4, wa tatu 8, wa nne 4, na wa tano 8. Katika Python yenyewe hutumika maneno ya Kiingereza: "if" kwa maana ya "ikiwa", na "else" kwa maana ya "la sivyo". Lakini kanuni ya nafasi ni ile ile.

Kompyuta hufanya kazi hii kama karani mwenye orodha. Katika orodha yake huandika kwanza namba 0, yaani ukingo. Inafika mstari wa kwanza, inahesabu nafasi, inapata 0. Hakuna jipya. Inafika mstari wa pili, inapata 4. Namba hii ni kubwa kuliko 0, basi inaiandika chini yake na kusema, "Fungu jipya limefunguliwa." Mstari wa tatu una 8. Inaiandika vilevile. Sasa orodha ni 0, 4, 8.

Mstari wa nne una 4. Namba hii ni ndogo kuliko 8. Karani anaifuta 8, yaani fungu la dawa limefungwa, na anaikuta 4 inayolingana na mstari wake. Basi "la sivyo" imesimama kwenye 4, na mwenzi wake ni "ikiwa" iliyosimama kwenye 4, yaani ile ya kipimo. Hakuna kuning'inia tena. Maagizo haya ni ya msomaji wa kwanza.

Sasa yaandikeni upya kwa namna hii:

Ikiwa ana homa:
    Ikiwa kipimo kimeonyesha malaria:
        Mpe dawa ya malaria
La sivyo:
    Mwambie aende nyumbani

Hatukubadilisha neno hata moja. Tumesogeza mistari miwili ya mwisho kushoto, basi. Lakini karani anapofika kwenye "la sivyo" anapata 0. Anaifuta 8, anaifuta na 4, anabaki na 0. Mwenzi wa "la sivyo" sasa ni "ikiwa" ya homa. Mwenye homa asiye na malaria haambiwi tena aende nyumbani. Haya ndiyo maagizo ya msomaji wa pili.

Je, mwandishi akiweka nafasi 2 mbele ya "la sivyo"? Karani atafuta 8, atafuta 4, atakuta 0, na 2 haimo katika orodha. Hapo Python hukataa kuendelea na kutangaza kosa. Haibahatishi. Kukataa huku ni faida kubwa, kwa maana agizo lenye shaka husimamishwa kabla halijamfikia mtu.

6. Mstari uliorudiwa

Labda mtu atasema: "Mwalimu, mambo haya ni ya kalamu na karatasi tu. Nani aliumia?" Sikilizeni basi jambo lililotokea hadharani.

Tarehe 21 Februari 2014 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake. Siku nne baadaye, tarehe 25, ilitoa marekebisho kama hayo kwa kompyuta zake za mezani na za mkononi. Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja uliorudiwa katika programu iliyoandikwa kwa lugha ya C.

Kazi ya programu ile ilikuwa kama ya mlinzi wa mlango. Simu inapozungumza na benki kwa njia ya intaneti, sharti ihakikishe kwamba aliye upande wa pili ni benki kweli, wala si mwizi aliyejifanya benki. Huhakikisha kwa kukagua sahihi ya siri. Sehemu yenye kosa, nikiieleza kwa Kiswahili, ilikuwa na sura hii:

Ikiwa hatua hii imeshindwa
    ruka hadi mwisho
    ruka hadi mwisho
Kagua sahihi

Tazameni kwa macho yenu. Mistari miwili ya kuruka imesogezwa ndani sawasawa. Jicho lasema: yote miwili iko chini ya "ikiwa". Lakini hapakuwa na mabano. Mnakumbuka ile ruhusa ya C? Bila mabano, "ikiwa" hutawala agizo moja tu. Hivyo mstari wa kwanza wa kuruka ulikuwa chini ya "ikiwa", na wa pili ulisimama peke yake, bila sharti lolote. Hata hatua ilipofaulu, kompyuta iliruka hadi mwisho. Sahihi haikukaguliwa. Na kwa kuwa hadi hapo hapakuwa na kosa lililoandikwa, jibu lililotolewa lilikuwa: "Mambo ni salama."

Mlinzi alikuwa mlangoni, amevaa sare, naye aliwaitikia wote "Pita" bila kutazama vyeti vyao. Mtu mwenye nia mbaya, aliye kwenye mtandao mmoja na mwenye simu, aliweza kujifanya benki au posta na kuyasoma mambo ya siri. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mistari kama hiyo ingesomwa kwa kanuni ya Python, yote miwili ingekuwa chini ya "ikiwa", kama jicho linavyoona. Mstari wa pili ungekuwa mzigo usio na kazi tu, wala usingefungua mlango. Waandishi wa zana za C nao walijifunza. Mwaka 2016 programu ya kufasiri iitwayo GCC, katika toleo lake la 6, ilianza kutoa onyo pale inapoona nafasi inasema hivi na mabano yanasema vingine.

7. Sheria hii haiondoi kazi ya kufikiri

Nisiwadanganye kwamba Python imemaliza matatizo yote. Kanuni yake huifanya kompyuta isome kama jicho lisomavyo. Haiifanyi isome moyo wa mwandishi. Ile mifano yetu miwili ya mgonjwa yote ni halali. Python huipokea yote miwili bila onyo. Mwandishi aliyekusudia wa pili akaandika wa kwanza atakuwa amemrudisha mgonjwa nyumbani, na hakuna filimbi itakayopulizwa.

Tena ilikuwako shida ya vitufe. Katika kibao cha kompyuta kiko kitufe kirefu kinachoacha nafasi moja moja, na kiko kingine kinachorusha mwanzo wa mstari mbele kwa mara moja. Juu ya kioo vyaweza kuonekana sawa, lakini ndani ya kompyuta ni alama mbili mbalimbali. Watu wawili wakiandika ukurasa mmoja, huyu kwa kitufe hiki na yule kwa kile, mistari ililingana kwa macho na kutofautiana kwa hesabu. Mtego wa zamani ulikuwa unarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mwongozo wa waandishi wa Python, ulioandikwa mwaka 2001, ulishauri kutumia nafasi 4 kwa kila hatua. Na Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, hukataa kabisa mchanganyiko wa alama hizo pale unapotia maana katika shaka.

Ndugu wanafunzi, yashikeni haya. Ukurasa wenye wasomaji wawili wasiosoma alama zile zile ni ukurasa wa hatari, hata kama kila neno limeandikwa vizuri. Kwa zaidi ya miaka 50 wataalamu wametafuta njia ya kuwapatanisha wasomaji hao, na njia ya Python ilikuwa kuifundisha kompyuta kutazama kile ambacho jicho la mtu lilikuwa likitazama tangu mwanzo. Nanyi mnapoandika, iwe ni programu, iwe ni maagizo ya dawa kwa jirani, kabla hamjayatoa mkononi ulizeni: "La sivyo" yangu ni ya "ikiwa" ipi, na atakayesoma ataijuaje?

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Kwa nini watu wawili waliosoma maagizo ya mgonjwa hawakukubaliana, ingawa walijua maneno yote?
2. Katika ALGOL 60, kompyuta ilisoma alama zipi, na mtu alitazama nini?
3. Landin aliita kanuni yake "kuotea". Elezeni kwa maneno yenu jinsi neno linavyoweza kuotea.
4. Orodha ya karani ni 0, 4, 8, na mstari unaofuata una nafasi 6. Python itafanya nini, na kwa nini?
5. Andikeni maagizo ya kwenda sokoni yenye "ikiwa" mbili na "la sivyo" moja. Kisha sogezeni "la sivyo" kushoto hatua moja, pamoja na mstari ulio chini yake. Mwambieni mwenzenu maana imegeuka vipi.

Fanyeni swali la tano wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akisoma bila kuelezwa kitu. Akikosea kusoma, msimcheke. Tazameni kwanza kilichoandikwa. Kwaherini.